Mama Yangu Hakuwa Chui

Wapendwa, nashukuru kusimama mbele yenu nikiwa mzima. Naona vijana wanatazama pua yangu ilivyopinda. Tulieni, leo nawaeleza.

Nilizaliwa Busunzu, nikawa mfyatua matofali. Miaka ile ya sabini nilikuwa kijana mwenye kifua, na nilipenda ngumi. Pale Kasulu alikuwepo bwana mmoja, jina lake tuliache, aliyeandaa mapambano kwenye uwanja karibu na soko. Akatupanga mimi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Akasema watu hawatoi kiingilio kuona mwalimu akipigana na mfyatua matofali. Lazima awepo wa kupendwa na wa kuchukiwa. Akamtazama mwalimu, kijana mzuri mwenye mwanya. Akanitazama mimi. Ndugu zangu, hakuchukua muda kuamua.

Kesho yake gari la matangazo likazunguka mji. Kipaza sauti kikasema nimetoka msitu wa Kongo, sina baba wala mama, nimenyonya maziwa ya chui, na nyama naila mbichi. Mimi, ambaye samaki asipoiva sawasawa nalala nimeshika tumbo. Tena yule bwana akanikataza kucheka mjini, kuonekana na mwalimu, na kusalimia watu. Nawaambia, kumkataza Muha kusalimia ni kumkataza kupumua. Nilipita sokoni salamu yetu ya "mwakeye" imenikaa kooni, naimeza.

Mwanzoni nilicheka. Halafu akina mama wakaanza kuficha watoto nikipita. Kwenye basi la Kibondo watu walisimama njia nzima, na kiti cha ubavuni mwangu kitupu. Mjane aliyenipangisha chumba akaniomba nihame. Alisema kwa upole kwamba hanioni na kosa, ila ana mbuzi wawili na anawapenda. Nikahamia kwenye banda la matofali. Hata kanisani nilikaa benchi zima peke yangu, kama askofu.

Baya zaidi, nikaanza kuamini. Asubuhi moja nilijikuta mbele ya kioo najikagua meno.

Aliyenishika mkono ni mwalimu. Alinikaribisha kwa siri nyuma ya nyumba yake, tukala ugali wa muhogo na maharage. Yeye alitangazwa kuwa analea yatima, na watu walimletea ndizi za kuwapa. Akaniambia, "Vumilia, ndugu yangu. Wewe wanakuchukia kwa usiyoyafanya, mimi wananipenda kwa nisiyoyafanya. Hata mimi silali vizuri."

Siku ya pambano ikafika. Mama yangu alikuwa amekuja Kasulu kuuza maharage, hajui lolote. Akasikia kipaza sauti kikinitaja kwa jina, na habari za maziwa ya chui. Akaacha gunia lake hapo hapo.

Raundi ya tatu mwalimu akanipiga hii pua. Uwanja ukalipuka, watu wakitaka chui amalizwe. Mara nikaona kanga ninayoifahamu inapasua umati. Refa alitaka kumzuia. Akatazamwa mara moja tu, akapisha. Mama akapanda ulingoni, akamnyang'anya yule bwana kipaza sauti.

"Huyu nimemzaa mimi," alisema, "na alininyonya mpaka majirani wakanisema. Anayeniita chui asogee hapa."

Hakusogea mtu. Kisha akanigeukia mimi, damu inanichuruzika. "Na wewe, watu wote hawa, umewasalimia?"

Nikawasalimia. Uwanja mzima ukaitikia, halafu tukacheka wote, mwalimu akiwa amenishika bega.

Wiki iliyofuata gari likatangaza kwamba mimi ndiye bondia anayempenda mama yake kuliko wote. Walewale walioficha watoto wakawaleta niwabebe. Mjane akasema mbuzi wananiulizia. Nami sikuwa nimebadilika hata unywele. Upendo ule ulinitisha kuliko chuki, nikavua glovu, nikarudi kwenye matofali yangu.

Namshukuru Mungu, na mjane yule aliyenifungulia tena mlango. Namshukuru mama, ambaye hayupo nasi. Wapendwa, mkisikia mtu anatangazwa, kwa sifa au kwa ubaya, ulizeni kwanza anayetangaza anauza nini. Tulipomzika mama kule Busunzu, upande mmoja wa jeneza nilishika mimi. Upande wa pili alishika mwalimu, akilia kuliko mimi. Hilo halikutangazwa na gari lolote.