Spika za Land Rover ya Baba

Ndani ya teksi ya kwenda Walikale, Agathe alipakata jibini zake akiwasikiliza abiria wawili wasiojuana. Mmoja wao, Esdras, alikumbatia spika mpya mbili.

“Nitatoboa milango ya Land Rover ya marehemu baba, niziingize mule,” alisema.

“Utoboe milango?” Mwenzake, Papa Akilimali, alishtuka kana kwamba atatobolewa yeye. “Gari ya zamani vile? Weka chini ya kiti!”

“Papa, pale miguu tu njo itasikia muziki.”

Agathe alicheka hadi jibini moja ikamponyoka.

“Baba yako alikuwa anatoboa?” Papa Akilimali aliuliza.

“Hapana. Alikuwa anaimba yeye mwenyewe.”

Teksi ilisimama Kashebere. Esdras akashuka. Papa Akilimali, aliyelipa nauli hadi Walikale, akashuka naye, akambebea spika moja.

“Twende nione hiyo milango kwanza.”