Diwani Aliyenawisha Mnada

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio shambani, na wewe dereva uliyesimama pale Zuzu kungoja treni ipite, hebu sogeeni. Leo tunamkumbuka Paskazia Ndahani, diwani kutoka upande wa Haneti. Alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Mimi nilimpenda yule mama, nisiwafiche.

Turudi mwaka wa korona. Amri imetoka: mnadani kila mtu anawe mikono. Sawa. Lakini mnaijua Dodoma yetu wakati wa kiangazi. Maji yanachimbwa mchangani, kule korongoni, yanabebwa kichwani. Halafu uambiwe uyamwage chini? Wafugaji walikataa. Mzee Gabrieli Chidawali, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliipita ndoo ya kunawia iliyowekwa langoni, akamwambia mgambo kuwa maji ni ya kunywa, si ya kuchezea. Wenzake wakamfuata.

Paskazia hakuita polisi. Alikwenda nyumbani, akachukua birika na beseni, akasimama langoni mwa mnada. Akapiga goti mbele ya Mzee Gabrieli.

"Shikamoo baba. Karibu unawe."

Haya, mzee atafanyaje? Kwetu anayekunawisha amekukaribisha, na kumkatalia ni kumtukana. Mzee akanawa. Maji ya kwenye beseni yakamwagiliwa miche ya mwarobaini pale langoni, hakikupotea kitu. Mnada mzima ukanawa. Na aliyenawisha ni diwani mwenyewe, jamani.

Korona ikapungua. Halmashauri ikataka tangi la maji ya kunawa, lililowekwa mnadani wakati ule, ling'olewe, lipelekwe kwenye ujenzi. Paskazia akasema hapana. Alitaka itungwe sheria ndogo: mnada, shule, zahanati, hata kambi za vibarua wa zabibu, pasifunguliwe mahali pasipo na maji ya kunawa. Madiwani wenzake wakamcheka. Ugonjwa umeisha, mama, pumzika.

Hakupumzika, na alikuwa na sababu. Binti yake, Witness, ametusimulia: "Mama alizika mtoto kwa kuhara kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa akisema, korona imeondoka, kuhara hakujaaga."

Siku ya kuipigia kura sheria hiyo alipanga jambo na mama lishe wa halmashauri. Mchana chakula kikaletwa, ugali wa moto na mlenda. Maji ya kunawa, hakuna. Waheshimiwa wakatazamana. Paskazia akasema kwa upole, "Kuleni, ndugu zangu. Ugonjwa si umeisha?"

Hakuna aliyemega tonge. Jioni ile sheria ikapita, na tangi liko palepale hadi leo. Nilicheka siku nilipohadithiwa, na leo nacheka tena.

Tulimzika Ijumaa. Tuliporudi kutoka makaburini watu wakapanga mstari kunawa. Anayenawisha huwa ni mdogo, mnajua. Lakini birika lilikuwa mkononi mwa Mzee Gabrieli. Zamu ya Witness ilipofika, binti akarudi nyuma kwa aibu.

Mzee akamwambia, "Nawa, mwanangu. Mama yako ndiye aliyeanza."

Witness, na ukoo wote wa Ndahani, poleni sana. Mungu awashike. Nasi tuliobaki tujiulize: ugonjwa ule ulitufundisha mema gani, na mangapi tumeshayatupa? Leo mkikaa kula, mwenye birika amnawishe mwenzake. Paskazia angefurahi.