Mfungo Niliomfungisha Ngalula

Sifa kwa Bwana aliye hai, ndugu zangu! Nasimama kushuhudia jambo linaloniaibisha.

Mlioishi Kolwezi mnakumbuka miaka ile migodi ilipoanguka, na sisi wenye asili ya Kasai tukaambiwa kwamba si wenyeji, turudi kwetu. Nilikuwa fundi wa pampu mgodini, tena shemasi kanisani. Vijana wa wenyeji walitutoa nyumbani kwa nguvu. Tukawa tunalala stesheni tukingoja treni: mimi, mke wangu Mbuyi, na binti yetu Ngalula, wa miaka sita.

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilijisomea Biblia peke yangu, nikahitimisha kwamba Mungu hupendezwa na sadaka inayouma. Basi nikatangaza mfungo wa siku tatu ili treni ije. Kila mtu, na Ngalula pia. Mbuyi alilia. Nikamkemea!

Siku ya tatu, mchana, Ngalula alianguka juu ya mizigo, midomo imekauka. Saa ileile akafika mama Masengo, jirani yetu wa zamani, mwenyeji ambaye hakuna aliyemfukuza. Alileta bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nikamzuia mkono.

"Mama, tuko mu mafungo. Mutoto naye ni sadaka yetu."

Alinijibu, sufuria mkononi, akiniita tata, yaani baba:

"Tata Ngalula, bale bijana banataka mukufe na njaa. Sasa na weye unabasaidia? Yesu alitoa mwili yake mwenyewe. Weye unatoa ya mutoto!"

Ndugu zangu, nikauachia mkono wake! Habari za Abrahamu nilizisoma mara nyingi, lakini ile sauti iliyomwambia asimguse mwanawe sikuwahi kuisikia. Nikamega tonge kwa mkono wangu, nikamlisha Ngalula.

Vijana walimwona mama Masengo. Wakamwita msaliti, wakaipiga teke sufuria yake. Kesho yake akarudi na nyingine! Hapo ndipo nilipoiona sadaka kwa macho: mtu anatoa kilicho chake, kwa hiari, ili mwingine aishi.

Treni ilikuja siku tisa baadaye, sisi tukiwa tumekula. Ndani ya behewa letu mtoto wa mwenzetu alikufa. Baba yake alisali kuliko mimi. Kwa nini? Sijui mpaka leo. Lakini anayesema Mungu alimtaka yule mtoto, simwamini.

Namshukuru Yesu aliyeniokoa na mungu niliyemtunga mwenyewe. Mtumainini! Na kama nyumbani kuna mtoto anayengoja umalize kuomba ndipo ale, inuka sasa hivi ukampe chakula. Bwana atakungoja.