Samahani Anashuka Jukwaani

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutuvunja mbavu kila Ijumaa, mchekeshaji wa ukumbi huu, tuliyezoea kumwita Samahani, anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Tafadhali msomaji, usianze kucheka. Najua ugumu wake, lakini safari hii ni kweli.

Nasema hivyo kwa sababu mwezi uliopita alitangaza habari hii mwenyewe, akiwa pale pale jukwaani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akangoja watulie, akarudia kwa sauti ya chini kwamba anaacha kazi. Wakacheka zaidi. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye hajakosa Ijumaa tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe, alipiga miguu sakafuni mpaka soda ya jirani yake ikamwagika. Samahani aliweka maikrofoni juu ya stuli, akainamisha kichwa kidogo, akatoka kwa mlango wa pembeni. Watu wakampigia makofi, wakakaa kumngoja arudi amalizie. Walikaa hivyo mpaka taa zote zikawashwa, na hata hapo wapo waliopita dirishani kwangu wakisema kichekesho kilikuwa kizuri ila mwisho wake haukueleweka.

Mimi ndiye muuza tiketi wa dirisha la mbele. Meneja ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kwa maneno yake, tangu siku ile hakuna aliyetukanwa kunizidi, kwa hiyo nimejipatia haki.

Tuanze alikotoka. Samahani hakuja hapa kuchekesha, alikuja kutengeneza umeme. Siku hiyo alikuwepo mwimbaji mwalikwa, ukumbi umejaa pomoni, na taa za jukwaani zikagoma. Fundi umeme akaitwa kutoka nyumbani kwake, akafika jasho linamtoka, akapanda ngazi mbele ya watu waliokwisha kununa. Miluzi ikaanza. Yeye, bila kugeuka na bisibisi mkononi, akawaomba radhi kwa kuchelewa: mkewe alikuwa amemrudisha mlangoni mara tatu abadilishe shati, akisema mtu haendi penye watu na shati kama lile. Akamjibu mkewe kwamba taa zimezimika, nani ataliona? Mkewe akasema, "Si unakwenda kuziwasha?"

Watu wakacheka gizani. Fundi akaendelea kusimulia huku akiunga waya, na taa ziliporudi wakamzomea, wakamtaka azizime aendelee. Mwimbaji alisimama pembeni amekunja mikono mpaka akachoka, akatafuta kiti. Meneja wa wakati ule, Mungu amrehemu, alimwambia fundi aje tena Ijumaa inayofuata na asilete ngazi.

Jina la Samahani tulimpa sisi wa ukumbini. Kila alipotaka kumtania mkewe aligeuka kwanza upande wa kushoto, kana kwamba mama wa watu amesimama pale nyuma ya pazia, akaweka mkono kifuani na kusema, "Samahani, mama watoto." Ndipo aanze. Na akishaanza, mkewe hakuwa mama watoto tena, alikuwa Mheshimiwa. Ninyi mashabiki mnamjua Mheshimiwa kuliko mnavyowajua majirani zenu. Mheshimiwa akikuuliza unataka kula nini, usijibu, hilo si swali bali ni mtihani, na majibu yako tayari jikoni. Ni Mheshimiwa yule yule wa kichekesho cha pasi: kila wakisafiri, wakishafika stendi, anakumbuka kwamba hajachomoa pasi, wanarudi nyumbani, wanaikuta imechomolewa na imepoa. Mwisho Samahani akaamua kusafiri na pasi yenyewe kwenye begi, ili mke awe na amani. Wamekaa kwenye basi, pasi mapajani, safari imeanza, Mheshimiwa akauliza, "Na mlango, umefunga?" Samahani anasema safari ijayo itabidi wabebe mlango. Nimekisikia kile kichekesho kupitia ukuta ulio nyuma ya dirisha langu mara nyingi kiasi kwamba najua ni wapi watu watavuta pumzi, na bado nacheka.

Jambo ambalo wengi hamlijui ni jinsi kazi ile ilivyokuwa ikifanyika. Hakuna kichekesho cha Mheshimiwa kilichofika jukwaani bila Mheshimiwa kukipitisha. Wiki nzima Samahani alikuwa akivijaribu jikoni kwake, mkewe akikatakata vitunguu. Akicheka, kimepita. Akinyamaza, kimekufa, na hakuna rufaa. Kulikuwa na hukumu ya tatu: wakati mwingine mama yule alicheka sana, akafuta macho kwa mkono wa gauni, kisha akasema, "Hicho ni cha kwetu." Hicho hakikutoka nje ya nyumba hata kama kingeangusha paa la ukumbi. Ijumaa Samahani alikuwa akifika, anaegemea dirisha langu na kutoa taarifa: "Leo nimenyimwa viwili, dada. Vyote vizuri."

Mara moja tu alikiuka. Alikisema jukwaani kichekesho cha nyumbani ambacho hata leo sikitaji, na kesho yake mtu akamsalimia nacho mama wa watu gengeni, mbele ya nyanya na wauza nyanya. Mkewe hakugomba. Alitoa adhabu: Ijumaa iliyofuata kusiwe na Mheshimiwa, mume ajiseme mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tulipata onyesho zima la kukoroma kwake, soksi zake na namna anavyotafuta miwani aliyoivaa. Mashabiki walifurahi kupita kiasi. Yeye aliniambia hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Sasa nifike penye uzito. Mwaka jana nilianza kuona kwamba haegemei tena dirisha langu na kulalamika. Nikamtania, nikamuuliza kama siku hizi hanyimwi. Akanijibu kwamba siku hizi anapitishiwa vyote. Nikampa hongera. Alinitazama kidogo, akaenda zake ndani, na mimi nikaendelea kuhesabu tiketi.

Ndipo likaja tangazo lile, na baada ya watu kuamini kwamba si utani, dirisha langu likageuka baraza la lawama. Wapo waliosema amegombana na meneja. Wapo waliosema ameokoka, na kicheko kwake sasa ni dhambi. Mmoja aliapa kwamba amemwona uwanja wa ndege, na alipobanwa akakiri kwamba alikuwa mtu mwingine mwenye upara. Fundi cherehani alikuja na hoja yake: "Kama vimemwishia, aje atuseme sisi. Mimi nina mama mkwe, nampa bure." Wengine walikasirika kweli, wakasema ameona amekuwa mkubwa, sisi tuliomlea hatumfai tena.

Aliyeniuma ni nesi mmoja anayependa kukaa karibu na mlango. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi wiki nzima nashinda na wagonjwa, Ijumaa ndiyo nacheka. Kama tumemkosea, si aseme?" Akaondoka bila kungoja jibu.

Nilimfikishia Samahani maneno yale, na nikaona yalivyomwingia. Alikaa kwenye stuli ya mlinzi, kofia mikononi. Alisema hawezi kuondoka huku watu wamebaki wakijitafuta kosa. Lakini sababu yenyewe haikuwa yake peke yake, na mwenye sababu ndiye mtu ambaye hakuwahi kumsema bila ruhusa. Angeeleza angemwanika mkewe, angenyamaza angewaumiza mashabiki wake. Kwa siku kadhaa alikuwa akija hapa, anazunguka viti vitupu, anaondoka.

Aliyekata shauri ni binti yao. Alikuja dirishani akaniambia, "Shangazi, wewe njoo nyumbani, uone mwenyewe, halafu uandike." Nikaenda. Wifi yangu, kwa maana baada ya miaka yote hii yule ni wifi yangu, alinipokea kwa furaha na kunikalisha jikoni. Aliniuliza habari za watoto. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, na nikajibu tena. Ana ugonjwa wa kusahau, na unakwenda mbele. Za zamani bado anazo nyingi. Za jana zinamponyoka.

Samahani alinisimulia siku aliyojua kwamba kazi imekwisha. Alikuwa pale pale jikoni, akampigia mkewe kichekesho cha pasi, si kwa kazi, ila kumchangamsha tu, maana kile alikipitisha miaka mingi iliyopita. Mkewe alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza kwa huruma kabisa, "Maskini mama wa watu. Na huyo mumewe, hakumkimbia?"

Samahani akamwambia, hakumkimbia.

"Afadhali," mkewe akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Tangu hapo kila alichomjaribia, mkewe alicheka, kizuri na kibovu, cha watu na cha kwao. Hakunyamaza tena, hakukataza tena. Mtu mwingine angesema sasa njia nyeupe. Yeye alisema hivi, na nanukuu kwa sababu siwezi kusema vizuri zaidi: "Vile vichekesho tulivitunga wawili. Alikuwa na uwezo wa kuninyima, ndiyo maana ulikuwa utani. Leo hawezi. Nikisimama pale kumsema, nitakuwa namsengenya." Hii ndiyo sababu, mashabiki wapendwa. Hamkumkosea. Hakuwachoka. Anawapenda, na amekosa usingizi kwa kudhani mnaona kinyume.

Hata hivyo, sikutaka kuyaandika haya kwa ruhusa ya mume na binti pekee. Binti yao alinishauri ningoje asubuhi nzuri, kwa maana bado zipo. Alinipigia simu siku ilipofika, nikaenda na karatasi zangu, nikamsomea wifi yote mliyoyasoma hadi hapa. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande. Penye shati nilikuwa nimeandika kwamba alimrudisha mumewe mlangoni mara mbili. Akanikatiza: "Mara tatu. La tatu nililipiga pasi mwenyewe." Nikasahihisha. Sehemu mbili alisema ni za kwao, nami nimezifuta papo hapo. Nilipomaliza nikamuuliza kama niwaambie watu. Aligeukia dirisha, nikadhani ameshatoka mikononi mwetu. Kisha akasema, "Waambie. Waliocheka nami miaka yote hiyo hawatanicheka leo."

Nimebeba maneno yale kama mtu aliyebeba mayai, na sasa nawakabidhi ninyi.

Aya hii nimeiongeza kwa kalamu watu wakiingia: wifi yuko nasi ukumbini kwa mara ya kwanza. Zamani alikuwa akikataa kuja, akisema atamfanya mumewe ababaike. Amekaa safu ya tatu na binti yake, amevaa gauni la buluu, na alipofika mlangoni aliniambia amesikia kuna mtu anaagwa. Tunawaomba jambo moja. Msimwite Mheshimiwa. Atahangaika kulitafuta jina hilo, na si vizuri mgeni wetu ahangaike. Msimuulize kama anawakumbuka, maana hakuwahi kuwajua, ninyi ndio mliomjua. Msalimieni, mwambieni majina yenu, na akiyauliza tena, mwambieni tena. Fundi cherehani, hii inakuhusu wewe kwanza.

Leo hapatakuwa na onyesho. Samahani atapanda jukwaani kupokea mkono wa meneja na saa ya ukutani ambayo tumemchangia, na ambayo fundi sauti aliichagua bila kushauriana na mtu yeyote, kama mtakavyoona. Tunamshukuru kwa Ijumaa zote. Tunamshukuru kwa waliokuja hapa wamefiwa, wamefukuzwa kazi, wameachwa, wakatoka wakiwa na la kusimulia nyumbani. Mimi binafsi namshukuru kwa kuwa ndani ya kibanda changu cha tiketi sikuwahi kuuona upweke.

Kaka, umefanya kazi yako, na umejua wakati wa kuiacha. Nenda na baraka zetu. Jiko lenu liwe na vitunguu, nyumba yenu iwe na kicheko, na asubuhi nzuri ziwe nyingi kuliko mnavyoambiwa hospitalini. Ukitukumbuka, dirisha unalijua.

Na wewe uliyebahatika kukaa karibu na wifi: tutakaposimama wote kumpigia mumewe makofi, huenda akakugeukia akuulize yule mwanamume ni nani. Usimwambie ni mchekeshaji. Mwambie ni mume wake, amemaliza kazi, na anakuja kumchukua waende nyumbani.