Taa za Ubavuni kwa Wifi

WIFI: Haloo? Haloo... unanipata?

MJANE: Kwa mbali. Nani mwenzangu?

WIFI: Mimi wifi yako!

MJANE: Wifi yupi?

WIFI: Jamani! Dada wa marehemu mumeo. Una wifi wangapi wewe?

MJANE: Kumbe marehemu alikuwa na dada! Mbona tangu nifiwe sijamwona mlangoni kwangu?

WIFI: Usianze, wifi. Banda langu na lako yanatazamana, ukipiga chafya nasikia—

MJANE: Banda lako?

WIFI: ...Banda la maua.

MJANE: Haya. Hilo hapo lenye kufuli jipya. Endelea.

WIFI: Hujambo lakini?

MJANE: Sijambo. Nyanya zangu nazo hazijambo, zimejaa mpaka kamba zinalia. Maua yanaendeleaje?

[Mtandao unakwaruza.]

WIFI: Ndiyo nimekupigia. Hayatoi hata tumba moja. Mashina yamenipita kiuno, majani ya kijani kibichi, ukiyaona utasema mchicha. Ua hakuna.

MJANE: Mchicha nao unauzwa.

WIFI: Wifi! Bwana wa maua analeta gari Jumamosi. Nimemwahidi banda zima. Kaniambia wazi, akikuta majani harudi tena, anahamia kwa wengine moja kwa moja.

MJANE: Pole.

WIFI: Mbona hiyo pole ina kicheko ndani?

MJANE: Kwa sababu nacheka. Sikufichi.

WIFI: Nimefanya kila kitu, jamani. Nimeongeza mbolea. Nimepiga dawa. Namwagilia asubuhi na jioni—

MJANE: Unamwagilia! Hongera. Si ndiyo kazi uliyosema mimi naiweza? Pale kwenye kikao, mbele ya ukoo mzima. "Huyu alikuwa anamwagilia tu, maua ni jasho la kaka yangu."

WIFI: Mambo ya kikao yalishapita.

MJANE: Kwako yalipita. Mimi nikiosha vyombo nayasikia, nikilala nayasikia.

WIFI: Basi nisamehe—

MJANE: Samahani ya haraka haraka hiyo, iweke kwanza. Nikuulize kitu. Pazia jeusi liko wapi?

WIFI: Pazia gani?

MJANE: Lile zito, lililoning'inia upande unaotazama kwangu. Mume wangu alilishona kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikatoka malengelenge. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia kitambaa.

WIFI: Aa... lile nililishusha.

MJANE: Kwa nini?

WIFI: Lilikuwa linatisha. Limekaa tu pale, jeusi tii. Watu wakaanza kusema—

MJANE: Watu, au wewe?

WIFI: Wakasema umeacha kitu chako humo ndani. Cha kutufunga.

MJANE: Uchawi.

WIFI: Mimi neno hilo sikulitamka!

MJANE: Uchawi wangu uko wapi sasa hivi?

WIFI: ...Nimefunikia kuni.

MJANE: [anacheka mpaka anakohoa] Ngoja. Ngoja nikae chini.

WIFI: Kuna nini cha kuchekesha? Wifi, nakufa mimi huku!

MJANE: Sikiliza. Hiyo krisanthemamu ni ua la giza. Linataka usiku mrefu, giza totoro, ndipo linakubali kutoa tumba. Likiona mwanga, linadhani siku bado haijaisha. Linaendelea kurefuka tu, kama mtoto aliyekatazwa kulala.

WIFI: Lakini humu ndani sina hata taa moja. Nilizozikuta zote nimezizima.

MJANE: Wewe huna. Mimi ninazo.



WIFI: Zile zako za zambarau?

MJANE: Zile zile. Taa za LED. Siku za mawingu kama hizi nyanya nisipoziongezea mwanga zinadumaa.

WIFI: Ee Mungu wangu. Zinapenya nailoni ya banda mpaka huku. Usiku nikipita humu naviona vidole vyangu—

MJANE: Sasa umeelewa kazi ya pazia.

WIFI: Kwa hiyo ulikuwa unajua? Muda wote huu ulikuwa unajua, umekaa kimya?

MJANE: Kimya? Sikukaa kimya, nilifanya kazi. Nilikuwa na safu mbili za taa, katikati, juu ya nyanya, nazima mapema. Nilipoona umeshusha pazia, nikaagiza safu ya tatu. Nikaitundika ubavuni kwako.

WIFI: Ubavuni... si ndipo unapoweka—

MJANE: Ndoo na mifagio. Hakuna mche hata mmoja pale. Ndoo zangu, wifi, zinaoga mwanga usiku kucha.

WIFI: Una roho mbaya wewe!

MJANE: Ninayo. Sikuzaliwa nayo, mlinipa nyie. Na kila jioni nikiwasha zile taa roho inapoa, wallahi tena. Nasimama naangalia majani yako yanavyong'aa, naenda kulala nimeshiba.

WIFI: Nitakushtaki!

MJANE: Nenda. Kawaambie jirani yangu anamulika ndoo zake.

WIFI: Wifi, nakuomba. Wale wasichana wa kufunga maua wako nje, wananiangalia mimi. Mama naye ananiuliza kila asubuhi—

MJANE: Mama mkwe usimtaje. Nyanya zake napeleka mwenyewe mpaka jikoni, sina ugomvi naye. Shemeji yuko hapo?

WIFI: Kaka mkubwa? Yupo. Ndiye aliyeniambia nikupigie.

MJANE: Na ndiye aliyeendesha kikao. Weka spika. Waite na wasichana waingie.

WIFI: Ya nini tena hayo? Tuyamalize sisi kwa sisi—

MJANE: Kunivua nguo mlinivua mbele ya watu. Weka spika, au nikaagize safu ya nne?

[Vishindo. Sauti za watu. Mtu anakohoa.]

WIFI: ...Nimeweka.

MJANE: Anayekohoa ni shemeji? Shikamoo, shemeji. Haya, wifi, sema. Haya maua ni ya nani?

WIFI: Ni ya... wewe na marehemu.

MJANE: Mtandao mbovu. Rudia.

WIFI: Ni yenu wewe na marehemu!

MJANE: Nani aliyekuwa anayalea?

WIFI: Wewe.

MJANE: Na lile pazia?

WIFI: Lilikuwa pazia tu. Halikuwa... halikuwa kile nilichosema.

MJANE: Kwa hiyo kuna uliyemwambia. Na banda?

WIFI: [anapumua kwa nguvu] Banda nililichukua kwa nguvu. Si la ukoo. Ni la mke wa kaka yangu. Haya, umeridhika?

MJANE: Ufunguo mpe shemeji. Nisikie.

[Mlio wa funguo.]

WIFI: Ameupokea. Atakuletea. Sasa zima, wifi. Tafadhali.

MJANE: Nimeshika waya hapa. Nachomoa. Hiyo safu ya ubavuni haitawaka tena, na nyingine nitazima mapema kama zamani.

WIFI: Ahsante! Ahsante sana, wifi yangu, Mungu akuzidishie. Kwa hiyo mpaka Jumamosi yatakuwa yameshafunguka eeh?

MJANE: Jumamosi hii?

WIFI: Si ndiyo gari linakuja!

MJANE: Wifi, giza likianza leo, tumba utaliona mwezi ujao. Kuchanua ni mwezi mwingine tena.

WIFI: Nini? Umesema ukizima—

MJANE: Nimesema nitazima. Nimezima.

WIFI: Umenidhalilisha mbele ya wasichana wangu, umechukua banda, na Jumamosi sina kitu cha kumpa yule bwana?

MJANE: Una majani.

WIFI: Jina langu anatembea nalo soko zima yule! Hutapata mtu wa kununua hata nyanya, nakwambia, nita—

[Mlio mfupi ndani ya simu.]

WIFI: ...Salio langu hilo linaisha. Wifi, ngoja, usikate. Mpigie wewe yule bwana. Anakuheshimu, alikuwa anakuulizia. Mwombe asogeze mbele. Nipe muda tu, nakuomba, muda kidogo—

MJANE: Wewe ulinipa muda gani?

WIFI: Muda wa nini?

MJANE: Wa kumlilia kaka yako. Lile kufuli ulilibadilisha lini? Shemeji anasikia, wasichana wanasikia. Mimi najua, nataka wasikie kutoka kwako.

[Mlio mfupi tena.]

WIFI: Wifi, inakatika...

MJANE: Basi wahi.

WIFI: [kwa sauti ndogo] Viti vya msiba vilikuwa bado havijarudishwa.

MJANE: Haya. Sasa mwambie bwana wa maua—

[Simu imekatika.]