Chupa ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Benchi langu liko chini ya ukuta wa hospitali ya watoto hapa Multan, mkabala na dirisha la kupokelea maziwa, na wanaolikalia ni wanaume watupu wenye themosi mapajani. Wake zao wako majumbani na vidonda vya kupasuliwa, wanakamua kwa mashine kila baada ya saa tatu, kwa sababu watoto waliozaliwa kabla ya siku zao hawana nguvu ya kunyonya. Maziwa hupitishwa kwenye mrija. Kila chupa lazima iwe na plasta iliyoandikwa namba ya kitanda, tarehe, saa, na jina la mama. Ndiyo maana themosi zote hufungwa kitambaa, maana kwetu jina la mke halianikwi kijiweni. Mke ni “watu wa nyumbani”, basi. Hata wanaume wenyewe hapa hawaitwi majina yao, huitwa kwa uzito ambao watoto wao walizaliwa nao, au kwa idadi yao. Mimi ni Ditta, nauza chai, na mdomo wangu si mzuri. Nalisema hilo mapema nisije nikajitakasa huko mbele.

Asubuhi hiyo ya Juni jua lilianza kuchoma saa mbili. Walikuwepo watatu. Mia Tisa, mchora malori, ambaye mwanawe alizaliwa na gramu mia tisa na nyumba yake hutoa chupa nane kwa siku. Pacha, mfuga nyati wa maziwa, aliyepata wawili kwa mpigo. Na Kilo Moja, mshona viatu vya ngozi, mtu wa maneno machache, baba wa binti wa kitanda cha saba. Huyu alikuwa ametoka dirishani na themosi yake vilevile ilivyokwenda.

— Kwani vipi? nikamuuliza huku namimina.

— Nesi kanirudishia. Plasta imelowa barafu, wino umetoka, jina halisomeki. Niandike upya.

— Sasa si uandike?

— Nitaandika.

Wala hakuandika. Aliiweka themosi mapajani, akaishika kwa mikono miwili.

— Chupa moja tena leo? Pacha akaanza.

— Moja.

— Jana moja, juzi moja. Wiki tatu unatuletea moja moja kama dawa ya minyoo! Mtoto atanenepa kwa hiyo?

— Wanamwongezea maziwa ya kopo.

— Ya kopo! Mia Tisa akaguna. Bwana we, tatizo watu wako wa nyumbani hawali. Kaanga semolina kwa samli, tia lozi, tia sukari guru, wape bakuli asubuhi na jioni. Juu yake maji ya shamari. Mimi nyumbani kwangu friji haina pa kuweka hata nyanya, ni chupa tupu.

— Usijisifu, Pacha akamkata. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi watu wangu siwasifu hata kidogo, na maziwa yao mazito kama malai.

— Yamekuwa mazito kwa hasira hayo.

— Cheka tu. Kilo Moja, nisikilize mimi. Hicho ni kijicho. Shemeji yako aliiona ile mashine?

— Aliiona.

— Basi! Tundika ndimu na pilipili saba mlangoni. Na umeme wenu huko Shujabad, uko vipi?

— Unakatika.

— Na ukirudi?

— Unarudi hafifu.

— Si mnaona? Taa ikififia na pampu nayo inavuta kwa kufifia. Maziwa yanasikia wito wa chinichini, yanajua hayaitwi yenyewe. Mkamia maji hayanywi.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? akauliza Mia Tisa.

— Imeingia kwa mlango wa nyuma, we tulia.

Mimi nikaona nisipitwe. Nina miaka kumi na moja kwenye ukuta ule, nimesikia habari za pampu kuliko muuza pampu.

— Mashine ina kimpira cheupe, nikasema, chembamba kama ganda la kitunguu. Kikichoka hakivuti. Kuna mtu hapa mwaka jana watu wake wa nyumbani walilia siku nne maziwa yamekauka, kumbe kimpira. Kibadilishe.

— Kilibadilishwa, akasema Kilo Moja.

— Basi ni uvivu. Eeh, tusifichane. Mwanamke akichoka kuamka alfajiri husema maziwa hamna. Mwambie aache kulala.

Kilo Moja aliinua macho akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

— Hakuwa mvivu, akasema.

Nikajaza vikombe. Pacha alikuwa keshapata upepo, na Pacha akipata upepo hashikiki.

— Mimi nawaambieni kitu cha kazi yangu. Nyati hashushi maziwa mpaka amwone ndama. Ndama akifa, tunafanyaje? Tunamchuna, tunajaza ngozi majani makavu, tunashona, tunamsimamishia mama yake mbele ya pua. Anailamba ile ngozi, anatoa ndoo nzima. Kwa hiyo, Kilo Moja, tafuta sanduku, lijaze pamba gramu elfu moja kamili, livishe nguo za mtoto, ulinyunyizie...

— We Pacha, Mia Tisa akasema, unataka kumpa mtu wazimu?

— Nampa maziwa! Nimekosea wapi?

— Na ndama akifiwa na mama? akauliza Kilo Moja.

— Nani, ndama? Pacha akapunga mkono. Huyo hata hatuhangaiki naye. Wiki haifiki.

Akanywa chai yake kwa kelele. Kilo Moja akageukia upande wa barabara.

Ndipo akaja mgeni. Mtu wa makamo, miwani, kalamu mbili mfukoni, themosi mpya ingali na bei yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameoa miaka kumi na minne, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amezaliwa jana. Aliuliza dirishani wakamwambia asubiri, akauliza benchini kama kuna nafasi, akasogezewa. Alikuwa na chupa moja yenye maziwa ya kufunika kitako tu, na msokoto wa plasta aliopewa na nesi. Aliandika ya kwake huku amekinga kwa kiganja, kama wafanyavyo wote. Kisha akamwona Kilo Moja na plasta yake iliyolowa.

— Ndugu yangu, nikusaidie? Nina kalamu ya wino usiotoka.

Kilo Moja alifikiri kidogo, akafungua kitambaa, akaitoa chupa. Maziwa yalikuwa yameganda, pembeni yanaanza kulegea. Plasta ilikuwa nusu nyeupe, nusu doa la buluu.

— Kitanda?

— Saba.

— Saa?

— Saa kumi na moja alfajiri.

Mkono wangu ulikuwa kwenye birika, nikauona ukisimama. Alfajiri. Nami nimetoka kusema nini?

— Tarehe?

Kilo Moja akamsogezea chupa. Mwalimu akainamisha miwani, akasoma pale palipobaki.

— Hapa naona tarehe tatu. Leo ishirini na sita. Watu wa nyumbani walikosea?

— Hawakukosea.

— Mbona siku ishirini na tatu?

Kilo Moja alisema taratibu, akiitazama chupa. Alisema mkewe alikamua siku kumi na moja. Mtoto wakati huo alikuwa akinywa matone, kwa hiyo yaliyobaki waliyagandisha kwenye friza ya muuza soda wa mtaani, kwa sababu yeye ana betri umeme ukikatika. Siku ya kumi na moja mkewe aliamka alfajiri, akakamua hii, akaandika plasta, akachemsha vifaa vyake vyote akavianika juu ya kitambaa. Adhuhuri homa ya kidonda ikampanda. Kesho yake wakamzika.

— Zilikuwa chupa ishirini na moja, akasema. Nimempa mtoto moja kila siku, kwanza zile za zamani. Hii ndiyo ya mwisho.

Nilikumbuka zile siku mbili alizopotea kijiweni mwanzoni mwa mwezi. Aliporudi nilimuuliza kama alikwenda kwenye mnada wa ng'ombe, na benchi zima likacheka, na yeye akatabasamu.

— Kwa nini hukutuambia? Mia Tisa akauliza.

— Nyumbani kila anayemtaja analia, sasa wameacha kumtaja. Hapa mlikuwa mnamgombeza kila siku. Ale hiki, asile kile, aamke. Nikawa nakuja nisikie.

Pacha alivua kilemba akakiweka gotini.

— Nisamehe lile la ndama, akasema. Mimi ni mpumbavu. Huwa tunamlisha kwa mkono, usiku kucha tunamlisha. Wanapona. Wengi wanapona.

— Kuanzia kesho, akasema Mia Tisa, katika chupa zangu nane, kama nesi atakubali, nne ni za kitanda cha saba.

— Watakuwa ndugu wa kunyonya hao, Pacha akamkumbusha. Mwanao hatamwoa.

— Nani kazungumza habari ya kuoa? Ana kilo na robo huyo mtoto! Awe dada yake. Mwanangu atapata dada, kuna ubaya gani?

Kilo Moja akamshika Mia Tisa bega. Barafu kwenye themosi ilikuwa imebaki kama konzi moja. Maziwa yaliyoyeyuka hayagandishwi tena, kila mtu benchini anajua. Yatumike siku hiyo hiyo au yamwagwe.

Mwalimu alikata kipande kipya cha plasta, akaandika kitanda, saa, tarehe. Alitaka kukibandika juu ya kile cha zamani.

— Usibandike juu, akasema Kilo Moja. Ngoja niitoe hiyo.

Alitoa sindano yake ya kushonea viatu, akaanza kuichokonoa plasta pembeni, polepole, kama anatengua ushonaji wa kiatu cha harusi.

— Alisoma mpaka darasa la tatu, akasema. Saba ya maandishi yetu ni kama pembe mbili zilizotazama juu, ukiipindua inakuwa nane. Siku ya kwanza aliipindua, nesi akanigombeza. Nilipomwambia alikaa jioni nzima anaandika saba, saba, saba, ukurasa mzima. Tazameni hii ilivyonyooka.

Tukatazama. Ilikuwa imenyooka. Aliitoa plasta bila kuichana, akavua kofia yake, akaibandika ndani, upande wa paji la uso, akaivaa tena.

— Bado mstari mmoja, akasema mwalimu kwa upole. Jina la mama?

Mwezi mzima tulikuwa tumeyapima maziwa ya mwanamke yule, tumeyasema uzito na uchache, na hakuna hata mmoja wetu aliyelijua jina lake. Kilo Moja alitazama chini, akatutazama sisi.

— Manzuran, akasema. Manzuran Mai.

Alilisema kwa sauti, mpaka muuza barafu wa ng'ambo akageuka. Mwalimu akaandika. Kilo Moja akaenda dirishani, na safari hii nesi alisoma yote kwa sauti ili aandike kwenye daftari lake: kitanda cha saba, Manzuran Mai, tarehe tatu, saa kumi na moja alfajiri. Nesi alikuwa akijua siku zote kwamba mama hayupo. Aliipokea chupa kwa mikono miwili.

Nililia, sioni haya kusema. Mia Tisa alijifuta kwa mkono wenye rangi akabaki na buluu shavuni. Mwalimu aliishika chupa yake ndogo, na kiganja chake hakikufunika plasta tena.

Kilo Moja akarudi na themosi tupu. Tulidhani atapita aende stendi. Akaja akakaa mahali pake pa siku zote, akanisogezea kikombe nimjazie, akatutazama mmoja mmoja.

— Haya, akasema. Mlisema ale nini?

Semolina, mtu angesema. Samli, lozi, maji ya shamari. Pacha alikuwa akitazama ndani ya kikombe chake, na mimi nilikuwa nimeshika birika, namimina chai mpaka ikafurika ikamwagika chini.