Nusu ya Kovu la Bibi Mwani

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka ishirini na saba katika chumba cha kuchemshia, Bibi Mwani atavua aproni yake. Jina hilo mlimpa nyinyi wenzake kazini. Kwangu mimi ni bibi mzaa mama. Msimamizi wa kiwanda chetu cha krimu ameniomba niandike haya ya kumuaga kwa kuwa kila likizo mimi ndiye huandika lebo za vikopo, kwa Kiswahili na Kiingereza. Nimekubali kwa sharti moja: nisiambiwe nisome mbele ya watu. Someni wenyewe basi. Mimi nitakuwa kule nyuma, karibu na mlango.

Alianza kwa kuosha. Mwani wa kahawia ulifika na chumvi na mchanga wake, naye akausuuza mpaka maji yakatakata. Baadaye akakabidhiwa sufuria kubwa. Waliopita mikononi mwake wanajua: moto mdogo, mwiko haupumziki, na ole wake atakayekamua kitambaa cha kuchujia badala ya kuuacha ute ujichuje wenyewe. Ute huo ndio krimu yetu. Mkemia ana majina marefu ya vilivyomo ndani yake. Bibi husema tu kwamba unashika maji kama bahili anavyoshika mfuko.

Mwaka wake wa pili sufuria lilipinduka, likamuunguza mkono wa kushoto. Kovu likabaki, kutoka kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja. Kidonda kilipopona, akawa anapaka krimu nusu ya juu ya kovu hilo, ya chini haigusi. Kila siku, miaka yote. Mama mpakiaji alizoea kumtania, eti hiyo nusu ya chini imemkosea nini hata ainyime. Bibi alijibu kwamba ile ni shahidi, na shahidi hapewi chochote.

Mwaka huu akaja mnunuzi na oda kubwa, ila alitaka lebo iseme kwamba krimu huondoa makovu na madoa. Niliyaandika maneno hayo kwa furaha. Nina doa shavuni tangu utotoni, na nimekuwa nikilipaka krimu hii huku nikiomba.

Hapa kwetu lebo haitoki mpaka mpishi wa sufuria aikubali. Bibi aliikataa. Vibarua walikuwa wakiitegemea oda ile, na mama mpakiaji alisema wazi: “Bibi, wewe unakwenda kupumzika. Sisi je?”

Mnunuzi aliporudi, Bibi alikunja mkono wa gauni na kuulaza mkono wake mezani.

“Gusa juu, mwanangu. Haya, gusa na chini.”

Juu palikuwa laini. Chini palikuwa pakavu, pamekakamaa.

“Sasa tazama.”

Kovu lilikuwa lilelile, juu na chini. Mnunuzi aligusa tena. Akakubali lebo iseme kwamba krimu hulainisha ngozi na kuishikia unyevu, na akapunguza oda ikawa nusu. Hakuna aliyefukuzwa, lakini zamu zilipungua, na wapo walioacha kumsalimia. Bibi aliwasalimia vilevile.

Nyumbani nilimuuliza kuhusu shavu langu. Alilishika kwa kiganja chake. “Limelainika. Lakini doa halitoki, mjukuu wangu, na mimi sitakudanganya.” Nililia. Tangu siku hiyo sijalifunika tena.

Wiki iliyopita nilimwona mama mpakiaji, ambaye viganja vyake hupasuka kwa kuosha vikopo, akijipaka krimu mkono mmoja tu. Nilipomtazama alisema, “Nini? Bibi akiondoka, shahidi atakuwa nani?”

Bibi alikuwa mlangoni. Alisikia. Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Asante, Bibi, kwa sufuria, kwa mkono, na kwa kutotudanganya. Tunakutakia siku laini. Kuhusu madoa, hatuahidi kitu.